Jinsi ya Kumwandikisha Mwenzi wa Ndoa Katika Hati ya Nyumba Iliyo na Mkopo wa Benki

Tulipoamua jina la mke wangu liingie katika hati ya nyumba yetu hapa Kisumu, ambayo bado tunailipia mkopo, tulianza kwa wakili, tukaenda kaunti kulipa kodi ya ardhi, na benki tukaifikia mwisho. Mpangilio huo ulitupotezea miezi minne, na ada nyingine tukazilipa mara mbili, ndiyo maana namsihi kila anayekusudia jambo hili aanze na benki.

Maadamu deni halijaisha, hati asili iko mikononi mwa benki, na rehani imeandikwa katika masjala ya ardhi. Mikataba ya rehani kwa kawaida humzuia mwenye nyumba kuhamisha umiliki pasipo idhini ya mkopeshaji, na palipo na sharti hilo, Sheria ya Ardhi ya 2012 hairuhusu uhamisho kusajiliwa mpaka idhini ya maandishi itolewe. Sisi tulikuwa na neno tu la afisa wa mikopo kwamba hakuna shida. Wakili alipoitisha barua, ilichukua wiki kumi na moja kutoka makao makuu ya benki, na ilipofika ilikuwa aya moja, yenye namba ya kiwanja ambayo tarakimu zake mbili za mwisho zilikuwa zimepishana. Ikabidi irudishwe, na kabla haijasahihishwa, cheti cha kaunti cha kuthibitisha kwamba hatudaiwi kodi ya ardhi kikapitwa na muda.

Kwa hiyo andikeni ombi, mlitie sahihi nyote wawili, mnakili namba ya ardhi herufi kwa herufi kutoka kwenye hati, na mbaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Ndani yake ulizeni, mkitaka majibu kwa maandishi, kama benki itatosheka na idhini au itadai rehani mpya, ambayo ina gharama zake. Kama mwenzi atakuwa pia mkopaji, kwa maana kumiliki nyumba ni jambo moja na kudaiwa ni jingine. Na kama bima ya maisha inayolinda mkopo itamhusu. Swali hili la mwisho hatukuliuliza mapema, nasi tuna watoto watatu. Msitarajie kukabidhiwa hati asili wenyewe, kwani benki huituma kwa wakili baada ya yeye kuiandikia ahadi ya kitaaluma kwamba itarudi salama.

Kabla ya kutia sahihi fomu ya uhamisho, kubalianeni juu ya aina ya umiliki. Katika umiliki wa pamoja, mmoja akifariki nyumba yote hubaki kwa mwenzake. Katika umiliki wa hisa, fungu la marehemu huingia katika mirathi yake. Tangu Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 ianze kutumika, aina ya kwanza huwahusu wanandoa peke yao, isipokuwa kwa ruhusa ya mahakama.

Ndoa yenu pia iwe na cheti. Ushuru wa stempu, yaani kodi inayolipwa serikalini umiliki unapohamishwa, mjini ni asilimia 4 ya thamani ya mali, lakini zawadi ya nyumba kati ya mume na mke husamehewa ushuru huo, mradi mwombe msamaha na kuthibitisha ndoa. Waliooana kimila wasajili ndoa yao kwanza. Vitambulisho, picha na namba za PIN za mlipa kodi hazitawasumbua.

Usajili ukikamilika, ombeni upekuzi rasmi mpya wa hati, yaani taarifa ya masjala ya ardhi kuhusu yaliyosajiliwa juu ya nyumba, kabla wakili hajairudisha benki, mkague tahajia ya majina yote mawili, aina ya umiliki mliyoichagua, na kwamba rehani imeandikwa ipasavyo. Jina la mke wangu lilikuwa limekosa herufi moja, na lilisahihishwa siku ileile kwa sababu hati ilikuwa bado mezani kwa wakili.