Namna ya kufuatilia maambukizi ya damu yatokanayo na katheta wodini

Katheta ya mshipa mkuu, yaani mrija mwembamba ambao huingizwa shingoni, chini ya mtulinga au kwenye kinena, ndiyo njia ya dawa kwa mgonjwa mahututi na njia ya damu kwa wagonjwa wengi wa figo wanaoanza kusafishwa damu. Njia hiyohiyo, ikikosa uangalizi, huwafikisha vimelea kwenye damu bila kizuizi. Maelezo haya ni kwa wauguzi, madaktari na wataalamu wa maabara wa Dodoma na mikoa jirani wanaotaka kuanza ufuatiliaji hata kama wana daftari na kalamu tu.

Anzeni kwa kuhesabu katheta, kabla ya kuwatafuta walioambukizwa. Kila siku kwa saa ileile, tuseme saa nne asubuhi baada ya raundi, muuguzi mmoja apite kitanda kwa kitanda na kuandika idadi ya waliolazwa na idadi ya wenye katheta. Mwenye katheta 2 huhesabiwa mara 1, na kanula ya mkononi, yaani mrija mfupi wa dripu, haimo katika hesabu hii. Asihesabu kwa kusoma mafaili mezani, kwa sababu katheta iliyotolewa usiku huweza kuonekana bado ipo katika faili hadi mchana. Amwombe mgonjwa ruhusa, afunue shuka, aone kwa macho. Akiwa hapo, aitazame plasta angavu iliyofunika tundu. Wakati wa kiangazi upepo wa Dodoma hupenyeza vumbi hata madirisha yakiwa yamefungwa, na pale kona ya plasta ilipobanduka kwa jasho utaona mstari mwembamba wa vumbi jekundu umenasa kwenye gundi. Plasta ya namna hiyo ibadilishwe papo hapo bila kusubiri zitimie siku 7. Bandeji ya shashi hubadilishwa kila baada ya siku 2, au mapema zaidi ikilowa au kuchafuka.

Ili maambukizi yahesabiwe kuwa ya katheta, ni lazima katheta iwe imekaa zaidi ya siku 2 za kalenda, na iwe bado ipo siku tukio lilipotokea au ilikuwapo siku iliyotangulia. Siku ya kuingizwa ni siku ya 1, hata kama iliingizwa saa tano usiku. Hapa makosa huingia kwa urahisi, kwa kuwa sisi husema "usiku wa kuamkia Jumanne", na anayesoma kesho yake hajui kama ni Jumatatu au Jumanne. Andikeni tarehe, mkikumbuka kwamba hubadilika saa sita usiku. Kwa mgonjwa aliyeletwa kutoka hospitali nyingine akiwa tayari na katheta, siku ya 1 ni siku ilipotumika kwa mara ya kwanza wodini kwenu.

Sharti jingine ni jibu la maabara. Kimelea kinachojulikana kuleta ugonjwa, kama Klebsiella au Staphylococcus aureus, kikiota hata katika sampuli 1 ya damu kinatosha, mradi hakikutokea kwenye nimonia, mkojo au kidonda. Kile kinachoishi kawaida kwenye ngozi hukubaliwa tu kikiota katika sampuli 2 zilizochukuliwa nyakati tofauti, na mgonjwa awe na homa inayozidi nyuzi 38, kutetemeka kwa baridi au shinikizo la damu lililoshuka. Kwa hiyo chukueni damu kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki, safisheni ngozi na mwiache ikauke, jazeni mililita 8 hadi 10 katika kila chupa ya mtu mzima, na chupa zisiwekwe kwenye jokofu.

Mwisho wa mwezi jumlisheni siku za katheta, yaani zile hesabu za kila siku za wenye katheta, gawanyeni idadi ya maambukizi kwa jumla hiyo, kisha zidisheni kwa 1000. Kwa mfano, maambukizi 2 katika siku 410 za katheta ni 4.9 kwa kila siku 1000 za katheta. Wodi ndogo ikusanye miezi 3 kwanza, kwani tukio 1 katika mwezi wenye siku chache huipandisha hesabu kupita kiasi.

Nasisitiza jambo moja kwa uzito: sifuri ya wodi isiyopeleka damu maabara si ushindi. Andikeni kando ya kila kiwango idadi ya sampuli za damu zilizooteshwa mwezi huo, ili msomaji ajue kama maambukizi hayakuwapo au hayakutafutwa.

Katika jimbo la Michigan, Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulihusisha wodi 103 za wagonjwa mahututi zilizoshika mambo 5: kunawa mikono, kujikinga kikamilifu wakati wa kuingiza katheta, kusafisha ngozi kwa klorheksidini, kukwepa kinena na kutoa katheta isiyohitajika. Kiwango cha kati (median) cha maambukizi kwa siku 1000 za katheta kilishuka kutoka 2.7 hadi 0. Jambo la mwisho kati ya hayo 5, kutoa katheta isiyohitajika, halina gharama. Ongezeni safu moja katika daftari la saa nne, yenye swali "Bado inahitajika?", na jibu likiwa "hapana", muuguzi amwambie daktari kabla hajaondoka wodini.