Brashi ya kunyolea kwa ndevu za beberu, sikio la ng'ombe na mkia wa farasi

Watu wakianza kazi hii huuliza kwanza ni mnyama gani. Swali la pili kwa umuhimu, kwa maoni yangu. La kwanza ni ncha. Unywele ambao haujawahi kukatwa huenda ukipungua unene wenyewe hadi mwisho, na mwisho huo ndio unaokutana na shavu. Ukate hata milimita 2 pale juu, umejitengenezea kitu cha kusugulia masufuria. Kila unapokata, kata upande wa shina.

Ndiyo maana mkia wa farasi unadanganya macho. Unaona nywele ndefu kuliko mkono wako, unaanza kuhesabu brashi. Lakini kila unywele una ncha moja tu. Sentimita 8 za mwisho ndizo zako, kinachobaki kina kazi nyingine. Mimi huchanganya nywele za mkia, ambazo ni ngumu, na za shingoni ambazo ni laini, nusu kwa nusu.

Ng'ombe ana nywele nzuri mahali ambapo wengi hawapaangalii: ndani ya sikio. Wanaotengeneza brashi za kuchorea wanazijua tangu zamani. Ni nyororo lakini ukizikunja zinarudi. Shida ni ufupi. Chagua zinazofika milimita 65 na kuendelea. Ninachokipenda kuliko vyote ni ndevu za mbuzi. Zinashika maji vizuri na povu linakuja haraka. Kondoo mwache, maana sufu ikikutana na sabuni na msuguano hujisokota ikawa bonge. Manyoya laini ya paka na mbwa yakilowa yanalala tu. Na wanyamapori usiwaguse: nchi nyingi zina sheria kali juu yao, na hakuna wanachokupa ambacho mbuzi hana.

Sasa jambo lisilo na mzaha: kimeta. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, watu Uingereza na Marekani, wakiwamo wanajeshi, waliugua kimeta kutokana na brashi za kunyolea zilizotengenezwa kwa nywele za wanyama zenye vijidudu. Wembe huacha michubuko midogo usiyoiona, na brashi inasugua hapo hapo. Vijidudu hivyo hujifunga katika hali ya kulala na kukaa miaka mingi, na sufuria ya maji yanayochemka si ya kutegemea. Maabara hutumia mvuke wenye presha wa nyuzi 121. Kwa hiyo chukua nywele kwa mnyama aliye hai, mzima, aliyechanjwa, unayemjua mwenyewe. Mzoga, hata wa jana, hapana. Ngozi ya mnyama usiyejua alikufaje, hapana vile vile.

Kabla ya kukata, funga kila kishungi kwa uzi karibu na shina. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo mpaka mafuta yaishe, suuza, anika kivulini. Kisha chana kwa kichana cha meno membamba, ukishikilia upande wa shina, ili manyoya mafupi ya chini yatoke. Mbuzi anayo mengi.

Hatua inayofuata ndiyo inayotenganisha brashi na adhabu. Ndani ya fungu huwa kuna nywele zilizogeuka, shina juu na ncha chini, na kila moja itakuchoma. Ukitilia shaka unywele, ushike kati ya kidole gumba na cha shahada, usugue vidole mbele na nyuma kwa kuufuata urefu wake. Utaona unatembea wenyewe kuelekea upande mmoja. Upande huo ni shina, kwa sababu magamba madogo ya unywele yameelekea nchani na yanakwama upande mmoja tu. Zilizogeuka zitoe. Inachosha, lakini njia ya mkato sijaiona.

Tafuta kikombe kidogo chenye kitako cha mviringo, tia nywele ncha zikiwa chini, gongagonga mezani hadi zikae sawa. Mviringo wa kitako ndio utakaoipa brashi kichwa cha duara. Funga kwa uzi wenye nta, ukaze kweli kweli, fungu liwe na kipenyo cha milimita 24 hivi pale penye uzi. Pima milimita 50 za kubaki nje na 12 za kuingia kwenye mpini, halafu kata shina zilizozidi.

Gundi iwe epoksi nzito inayokauka polepole. Nyepesi hupanda katikati ya nywele na kuacha bonge gumu ndani. Paka kwenye shina, penyeza kwa kijiti, simamisha fungu ncha zikiwa juu kwa saa 24. Mpini ni mti wowote mgumu uliopakwa vanishi, wenye tundu linalolingana na fungu. Bandika kwa epoksi ile ile.

Harufu ya beberu ni harufu ya beberu. Piga povu zito la sabuni ya kunyolea, liache kwenye brashi usiku kucha, suuza, rudia mpaka iishe. Ukitaka kuepuka hayo, tumia ndevu za mbuzi aliyehasiwa au za jike. Nywele chache zitadondoka mwanzoni. Zikiendelea kutoka kwa mafungu, gundi haikufika katikati: ng'oa fungu, kata shina, lifunge upya.