Somo: Kujaza sufuri mbele ya namba ili kolamu nzima ya Excel iwe na tarakimu sawa

Ukiandika 0007 kwenye seli ukabonyeza Enter, inabaki 7. Excel imeichukulia kuwa ni hesabu, na kwenye hesabu sufuri ya mbele haina thamani. Lakini namba ya mtahiniwa, ya simu, ya NIDA (kitambulisho cha taifa) au ya risiti si hesabu. Hakuna anayezijumlisha. Ni utambulisho ulioandikwa kwa tarakimu, na sufuri yake ni sehemu ya utambulisho huo. Kwa hiyo kabla ya fomula yoyote jiulize: kolamu hii nitaijumlisha? Kama hapana, ihifadhi kama maandishi.

Tutumie orodha ya watahiniwa wa kidato cha nne. Namba ya mtihani ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) ina namba ya kituo, mkwaju (/), kisha tarakimu nne za mtahiniwa. Kolamu A ina 1 hadi 140, kuanzia A2 mpaka A141.

Hatua ya 1: Safisha kwanza. Kwenye kolamu tupu andika =LEN(A2) uishushe hadi chini. Urefu ukizidi tarakimu unazoziona, kuna nafasi zimejificha. TRIM huondoa nafasi za kawaida, ila ile inayokuja na data iliyonakiliwa kutoka kwenye tovuti haiigusi. Hiyo iondoe kwa fomula hii kwenye kolamu tupu, kisha bandika majibu yake kwenye A kama "Values" (tazama hatua ya 4):

=TRIM(SUBSTITUTE(A2,CHAR(160),""))

Hatua ya 2: Unataka sura tu, au maandishi kamili? Kama ni ya kuchapisha tu, chagua kolamu, bonyeza Ctrl+1, nenda "Number", kisha "Custom", na kwenye "Type" andika 0000. Saba itaonekana 0007, lakini ndani bado ni 7. Tazama upau wa fomula utaiona. Ukiipeleka kwenye programu nyingine, mara nyingi sufuri zinabaki nyuma.

Hatua ya 3: Maandishi kamili. Kwenye B2 andika:

=TEXT(A2,"0000")

Bofya mara mbili kile kimraba cha kona ya chini kulia ya seli, fomula itashuka yenyewe. Majibu yakilala upande wa kushoto, hayo ni maandishi. Ukitaka namba nzima ya mtihani, weka namba ya kituo kwenye F1 na utumie =$F$1&"/"&TEXT(A2,"0000"). Alama za dola zisisahaulike, la sivyo F1 itageuka F2, F3 na kuendelea kadiri unavyoshuka.

Wengi wamezoea =RIGHT("0000"&A2,4). Kwa kazi hii siipendekezi. Mtu akikosea akaandika 12345, RIGHT itakupa 2345 kimya kimya, na huenda 2345 tayari ni ya mtu mwingine. TEXT itaiacha 12345 uione. Ukitaka kosa lipige kelele kabisa, tumia =REPT("0",4-LEN(A2))&A2, ambayo hutoa #VALUE! namba ikizidi tarakimu nne. Hii ndiyo inayofaa pia kwa namba zenye herufi kama 7B, kwa sababu TEXT haiziongezei sufuri.

Hatua ya 4: Gandisha majibu. Chagua kolamu B, Ctrl+C, bofya kulia papo hapo, "Paste Special", "Values". Hapo ndipo unaweza kufuta kolamu A, ukishamaliza hatua ya 5. Ukiifuta kabla, B yote itakuwa #REF!.

Hatua ya 5: Kagua. =SUMPRODUCT(--(LEN(B2:B141)<>4)) ilete 0. Ikileta 3, kuna seli tatu zenye urefu usio sahihi.

Kwa data mpya, iweke kolamu kuwa "Text" kabla ya kuandika. Ukibadilisha baadaye, sufuri zilizokwisha kupotea hazirudi. Pembetatu ya kijani ikitokea, usichague "Convert to Number", maana itakurudisha mwanzo. Chagua "Ignore Error".

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, asante kwa somo. Nina namba za simu, nyingine zina tarakimu tisa, nyingine zinaanza na 0, nyingine na 255. Nataka zote ziwe na 255.

Jibu: Hapa RIGHT ndiyo mahali pake, kwa kuwa tarakimu tisa za mwisho hazibadiliki. Ondoa nafasi kwanza, kisha:

=IF(LEN(A2)<9,"KAGUA","255"&RIGHT(A2,9))

Hiyo IF usiiache. Bila yake, namba yenye tarakimu chini ya tisa itapita na ujumbe hautafika. Kwa namba za Kenya weka 254.

Swali: Namba za NIDA zinaonekana 1.99001E+19, na nikipanua kolamu mwisho ni sufuri tupu. Nizirudisheje?

Jibu: Pole ndugu, kwenye faili hilo hazirudi. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba, na NIDA ina 20, hivyo tano za mwisho zimegeuzwa sufuri. Rudi kwenye fomu za awali, weka kolamu kuwa "Text", uingize upya. Au ziandike na vistari, 8-5-5-2, Excel haitazichukulia kuwa namba.

Hata zikiwa maandishi, usitafute zilizojirudia kwa COUNTIF. Yenyewe huzigeuza kuwa namba na kulinganisha tarakimu 15 za kwanza, kwa hiyo watu wawili tofauti wanaweza kuonekana mmoja. Tumia =SUMPRODUCT(--(A$2:A$500=A2)); jibu likizidi 1, kweli imejirudia.

Swali: Nikipakua faili la CSV kutoka kwenye mfumo, sufuri hazipo kabisa. Mfumo ndio unazikata?

Jibu: Mara nyingi hapana. Lifungue kwa Notepad utazikuta. Zinakatwa unapolifungua kwa kubofya mara mbili. Fungua Excel tupu, "Data", "From Text/CSV", chagua faili, "Transform Data", badilisha aina ya kolamu kuwa "Text". Likiuliza, chagua "Replace current". Na kama ulishalifungua kwa kubofya, funga bila kuhifadhi.

Swali: Mwalimu, baada ya kufuata hatua zote VLOOKUP yangu inaleta #N/A wakati namba naziona ziko sawa!

Jibu: Upande mmoja ni maandishi, mwingine bado ni namba. Kama unachotafuta ndicho namba: =VLOOKUP(TEXT(D2,"0000"),B:C,2,FALSE).

Swali: Google Sheets je?

Jibu: TEXT, RIGHT na REPT ni zilezile. Fomula ikikataa, jaribu nukta mkato badala ya mkato. Inategemea nchi iliyowekwa kwenye mipangilio ya faili.

Swali: Nachapisha vyeti kwa Word kwa kuvuta majina kutoka Excel. Kwenye Excel ni 0007, kwenye cheti ni 7.

Jibu: Uliishia hatua ya 2. Word inachukua kilichomo ndani ya seli. Fanya hatua ya 3 na ya 4, kisha uunganishe kolamu B.