Somo: Mtoko wa wawili wa ghafla wakati shule zimefungwa

Shule zimefungwa, katuni zinaanza sebuleni saa kumi na mbili asubuhi, na leo Jumatano wewe na mwenzio mmegundua kuwa Ijumaa hadi Jumatatu nyote mna nafasi. Hakuna kilichopangwa. Somo hili ni lenu. Nimelielekeza kwa wanaoishi Dar es Salaam kwa sababu ndiko ninakokujua. Wengine tutakutana kwenye maswali.

Nilikaa mapokezi ya hoteli ya ufukweni kwa miaka, na kila likizo ya Juni na Desemba niliwaona wale wale. Mume na mke wamependeza, watoto wako kwa bibi, wanashuka kwenye gari Jumamosi saa sita mchana, na mbele yao Koasta nzima inamwaga watoto wenye maboya shingoni wanaokimbilia bwawa. Mmelipa hela zenu kwenda kusikiliza kelele za watoto wa wenzenu. Hoteli yenye nyota nyingi haiwaokoi na hilo, maana nyingi ndizo zenye bwawa zuri. Kinachookoa ni kujua watoto wanaelekea wapi wiki hiyo, nanyi mkaelekea kwingine.

Hatua ya 1: Watoto watalala wapi

Usipige simu ya hoteli kabla hujalimaliza hili. Bibi, shangazi, mama mdogo, au jirani mliyezoeana kwa miaka. Piga simu, usitume ujumbe, na kama ni mama wa mume basi mume ndiye apige. Taja siku ya kuwaleta na siku ya kuwachukua. Bibi hachoshwi na wajukuu, anachoshwa na "tunakuja kesho" inayogeuka keshokutwa.

Begi la watoto liwe na kadi za bima ya afya, kadi ya kliniki ya yule mdogo, na dawa ambazo juu ya boksi umeandika kwa kalamu kiasi na saa. Hela ya matumizi mkabidhi mkononi siku hiyo hiyo, bila kungoja aulize, na izidi kidogo chakula cha watoto, kwa kuwa gesi na umeme wa LUKU vitakavyoisha ni vyake. Dada wa kazi usimwachie peke yake hata awe mwaminifu namna gani. Mtoto akichemka homa saa nane usiku, uamuzi wa kumpeleka hospitali usiwe mzigo wake.

Mkikosa wa kuwashika watoto, mtoko umeishia hapa. Bora mjue Jumatano kuliko Ijumaa mkiwa na tiketi mkononi.

Hatua ya 2: Elekeeni wasikoelekea

Watoto wakiwa likizo wanafuata vitu vitatu: bwawa la kina kifupi, bembea, na ndugu. Ukivijua hivyo umeshapata ramani.

Ndugu ndio wenye nguvu zaidi. Wiki ya kabla ya Krismasi, mabasi ya Moshi na Arusha yamejaa, na Jiji la Dar linabaki jeupe. Hoteli za Posta na Upanga zinazoishi kwa wageni wa kikazi hazina semina, hazina wafanyabiashara, na vyumba vimelala. Hapo ndipo bei inaposhuka, na mtoto hana anachokifuata pale: hakuna mchanga, hakuna bembea. Watu hucheka nikiwaambia waende kupumzika Posta. Kalaleni ghorofani, chumba kinachotazama bandari, mshuke jioni kula samaki, mrudi kulala bila mtu kugonga mlango akitaka maji. Foleni hamna, na nauli ni ya bajaji.

Dodoma nayo ina kanuni yake. Bunge la bajeti linakaa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, kwa hiyo Juni vyumba ni vya kugombania. Bunge likishaahirishwa, Julai wenye hoteli wanakupokea kwa tabasamu.

Milima haipendwi sana na familia zenye watoto wadogo, na Juni ndiyo kabisa, kwa sababu Lushoto ni baridi kweli kweli. Kwa wawili baridi si tatizo. Mnapanda kona za kutoka Mombo, mnafika mnavaa masweta, mnatembea hadi Irente kutazama tambarare ya Mombo na Mazinde chini yenu. Tatizo ni mwendo: kwa basi kutoka Dar siku nzima inaishia njiani, hivyo kwa usiku mmoja haifai. Nendeni kama mna usiku mitatu.

Kwa usiku mmoja au miwili, Morogoro. Tangu 2024 treni ya mwendokasi imeibadilisha kabisa safari hii. Mnatoka stesheni ya Magufuli, chini ya saa mbili mko Morogoro, na daraja la kawaida lilianza kwa nauli ya shilingi 13,000 kwa mtu. Kata tiketi kwa namba ya NIDA mapema iwezekanavyo, maana Ijumaa jioni na Jumapili jioni ndizo za kwanza kujaa. Mkiwa na nguvu za miguu, pandeni Morningside kwenye safu ya Uluguru, ilipo nyumba ya zamani ya Wajerumani. Mtoto wa miaka mitano hafikishwi kule ila kwa kubebwa, na ndiyo sababu naitaja.

Unguja nitakaa nayo kidogo, kwa sababu kila mtu anaitaka. Msiangalie hoteli kabla ya kuangalia upepo na mwezi. Juni na Julai ni kusi. Pwani ya mashariki, yaani Paje na Jambiani, inapigwa na upepo huo moja kwa moja, na wanaofurahi ni wale wa kurushwa na tiara juu ya maji. Nungwi na Kendwa kaskazini hupata nafuu. Kisha mwezi: ukiwa mpevu au mwandamo ni bamvua, maji yanapwa mbali sana pwani ya mashariki, na mida yake ya kupwa ni kama saa nne, saa tano asubuhi, ule ule muda mnaotaka kuogelea. Mtakachoona ni mchanga, mwani na akina mama wakiuhudumia mwani wao. Kuna wanaopenda hivyo, mimi mmojawao. Lakini kama mmekwenda kuogelea, chagueni siku za maji mafu, zile za katikati ya mwandamo na mpevu ambazo maji hayapwi mbali, au mwende kaskazini ambako maji hayakimbii mbali hivyo. Boti za Jumatatu hadi Alhamisi hazibanani kama za Ijumaa. Na kama tumbo lenu halipatani na bahari, mjue kuwa wakati wa kusi kurudi ndiko kunakotikisa, kwa sababu boti inaukabili upepo uso kwa uso.

Desemba kwa wenye uwezo kuna Mafia. Ni msimu wa papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote, karibu na Kilindoni, ndege ndogo kutoka Dar ni kama nusu saa, na nauli yenyewe inachuja familia kubwa.

Kigamboni ni karibu na nafuu, ila kuna sharti: msikanyage Jumapili wala sikukuu. Jumanne Kigamboni ni nyingine kabisa.

Hatua ya 3: Piga simu, uliza haya

Picha za mtandaoni hazina sauti. Muulize mtu wa mapokezi, na umuulize kwa upole kwa sababu ndiye atakayekupa chumba:

- Wikiendi hiyo mna kundi lolote? Mahafali, sendofu, semina, kanisa? Sisi wa mapokezi tunajua, ila tusipoulizwa hatusemi.
- Mkisema "watu wazima tu", ni kuanzia umri gani? Kwingine ni miaka 18, kwingine 12, na kwingine ni bwawa moja tu ndilo la watu wazima.
- Chumba kiko mbali na jenereta, jiko na jukwaa la muziki?
- Bei ya Mtanzania ni ipi, na imejumuisha kifungua kinywa?

Hilo la mwisho ndilo lenye hela. Bei ya mtandaoni mara nyingi imewekwa kwa mgeni wa nje. Kwa kanuni za 2025, huduma za ndani hazitakiwi kutajwa wala kulipwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo ukitajiwa dola, omba shilingi bila kuona haya. Ukipiga simu Alhamisi mchana kwa chumba cha Ijumaa, mwenye hoteli anajua chumba kikilala kitupu hakilipwi tena. Usimwambie "nipunguzie". Mwambie, "Nina kiasi hiki kwa usiku miwili, naweza kulipa sasa hivi." Nimeona meneja akikubali kabla mteja hajamaliza sentensi.

Hatua ya 4: Malipo

Haraka ndiyo chakula cha matapeli. Kurasa zenye picha za hoteli za kuiba zinaongezeka kila Desemba. Tafuta namba ya hoteli mahali pengine, si kwenye ukurasa huo huo, upige na uombe kuunganishwa na mapokezi. Ukiingiza Lipa Namba, jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri liwe la biashara hiyo. Likitokea jina la mtu, acha. Tanguliza sehemu, iliyobaki mlipe mkifika na kukiona chumba. Bebeni vitambulisho vyote viwili, na picha ya cheti cha ndoa iwe kwenye simu, maana kuna nyumba za wageni zinazouliza.

Maswali ya wanachama

*Dada, shikamoo. Mwanangu ana miezi minane na bado ananyonya. Tusubiri hadi lini?*

Marahaba mdogo wangu. Si lazima usubiri, ila usilale mbali. Hoteli nyingi za mjini hukodisha chumba kwa mchana tu: mnaingia saa nne, mnatoka jioni, mnarudi kumlaza mtoto wenu. Maziwa uliyokamua hukaa saa nne kwenye joto la kawaida la chumba, lakini kwa joto la Dar usiyaache nje. Yakiwa ndani ya friji yanafika siku nne. Mzoeze kikombe wiki nzima kabla. Asipokikubali, ahirisha mtoko bila kinyongo.

*Bajeti yetu ni laki mbili tu. Kuna kitu hapo au tukae nyumbani?*

Kipo. Treni ya Morogoro, kwa nauli niliyoitaja, tiketi nne za kwenda na kurudi ni 52,000. Tafuta lojingi safi isiyozidi 40,000, usiku miwili ni 80,000. Zinabaki 68,000 za kula na bajaji, nanyi si watoto wa kudai soda kila kona. Hela ya bibi iwe nje ya hesabu hii, isikatwe humu.

*Mama mkwe anasema, "Mnakwenda kustarehe mnaniachia watoto kama yaya." Shemeji, nifanyeje?*

Kwanza tazama kama anasema kweli. Amekuwa nao likizo nzima, au ni hizi siku tatu? Kama ni likizo nzima, ana haki, tafuteni mtu mwingine safari hii. Kama ni siku tatu, mwanawe ndiye azungumze naye, wewe usijibu kitu. Na mkirudi msirudi mikono mitupu. Zawadi ya kitenge inaeleweka kila nyumba, na mkitoka Lushoto, tenga la matunda na mboga litasema vizuri zaidi.

*Sisi tuko Nairobi. Desemba kila mtu yuko Mombasa. Tufanyeje?*

Kanuni ni ile ile, kaka. Treni ya Madaraka Express ya kwenda Mombasa hujaa mapema Desemba, na nauli ya daraja la kawaida ilipanda kufikia shilingi 1,500 za Kenya tangu Januari 2024, kwa hiyo msihangaike kugombania viti na familia. Nairobi inapowapungukia watu, hoteli za mjini ndizo zenye nafasi. Pwani iacheni hadi shule zifunguliwe Januari. Kaskazi bado inavuma, bahari ya Diani imetulia, na wenye hoteli wanaanza kuhesabu vyumba vitupu.

*Mume wangu akifika hotelini analala tu. Hela si imepotea?*

Haijapotea, mama. Niliwahi kuona wageni waliolala kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumamosi saa tisa, tukaanza kuulizana mapokezi kama tukagonge. Walitoka wakaagiza kuku mzima. Mwache alale siku ya kwanza, wewe agiza chai uinywee barazani. Ya pili ndiyo mpange kutoka.

*Na simu? Watoto wanapiga kila saa.*

Kubalianeni na bibi saa moja ya kupiga, kwa mfano saa moja jioni baada ya kuoga. Bibi awe na namba zenu zote mbili kwa dharura, na namba ya mapokezi pia, kwa sababu kuna sehemu mtandao unapotea, hasa milimani. Nje ya hapo, mtoto anayepiga kuuliza rimoti iko wapi ajibiwe na bibi.