Mama anayenyonyesha, chai isubiri kidogo

Mzazi akitoka hospitali, nyumba nyingi humpikia mtori, supu na uji mwepesi. Vizuri sana, endeleeni. Ila naomba mwangalie kitu kimoja: ile chai ya rangi anayoshushia chakula. Majani ya chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mchicha, na huyu mama amepoteza damu juzi tu. Mpeni chai saa moja au mbili baada ya kula. Pamoja na chakula, mpeni chungwa, embe, au mkamulieni ndimu kwenye mboga. Vitamini C husaidia chuma kuingia mwilini.

Anahitaji pia kula zaidi, takriban kalori 500 kwa siku juu ya kawaida yake. Bakuli la uji wa maziwa na kiganja cha karanga vinakaribia hapo. Maji anywe kila anaposikia kiu. Kikombe kikae karibu anaponyonyesha.

Na jamani, msimnyime mayai wala samaki kwa sababu ya miiko. Maziwa yakionekana machache, mtoto anyonye mara nyingi zaidi, usiku na mchana. Kunyonya ndiko kunakoyaongeza.