Kabla ya Kuagiza Chupa ya Kwanza, Kama Shambulio la Hofu Lishawahi Kukushika

Kula kwanza, tena chakula cha kushiba. Kunywa glasi ya maji kila baada ya chupa. Konyagi usiichanganye na vinywaji vya kuongeza nguvu: kafeini peke yake inaweza kuupeleka moyo mbio, na inakuficha ulevi, kwa hiyo unaendelea kumimina. Vidonge vya usingizi na pombe visikutane kabisa, vyote hudidimiza upumuaji. Na baridi ya Juni ya Mbeya isiwe kisingizio: pombe hutanua mishipa ya ngozini, ukahisi joto huku mwili unalipoteza.

Hayo mepesi. Kinachowakamata watu ni saa: shambulio la hofu kwa kawaida haliji unapokunywa, linakuja pombe inapoisha mwilini.

Ukiwa baa kwa kawaida unajisikia vizuri, kwa sababu pombe inautuliza ubongo, nao ubongo unajibu kwa kujichochea ili usizidiwe. Pombe ikitoka, uchochezi unabaki peke yake. Adrenalini inapanda, usingizi unakatika, mwili umekauka maji. Moyo unadunda, mwenye historia ya shambulio la hofu akiusikia anajua anakufa, na hofu hiyo inauongezea kasi.

Piga hesabu kabla hujakaa. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina takriban gramu 20 za pombe halisi. Ini huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa. Aliyeanza saa 1 jioni akanywa nne ana gramu 80, basi zinamwisha karibu na saa 11 alfajiri. Saa hiyohiyo anashtuka kitandani ametota jasho, na basi la kwenda Dar linamsubiri saa 12. Akitokea Iringa, shambulio linaweza kumkuta kwenye kona za mlima Kitonga, nyuma ya malori, madirisha yamefungwa. Anahema harakaharaka, kabonidayoksaidi inapungua kwenye damu, midomo inafanya ganzi, vidole vinajikunja vyenyewe. Jirani anasema karogwa. Kwa hiyo safari ya alfajiri na pombe ya usiku wake, chagua kimoja.

Ulanzi, pombe ya mianzi, ndio mgumu kuhesabu. Wa leo, uliotoka asubuhi kwenye mbeta, chombo cha kuugemea, ni mtamu na mwepesi. Ukilala siku mbili tatu unakuwa mkangafu, yaani mkali, na dumu halina lebo. Muulize muuzaji uligemwa lini. Akikwepa kujibu, chukulia ni mkali.

Shambulio likikushika, kaa chini. Vuta pumzi kwa puani ukihesabu nne, itoe polepole ukihesabu sita, dakika tano bila kukatisha. Mfuko wa karatasi mdomoni achana nao. Shambulio hufika kileleni ndani ya dakika kama 10, kisha hushuka lenyewe. Lakini maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au tayani, kuzimia, au hali hiyo kukupata kwa mara ya kwanza maishani, hayo si ya kukaa na kuhesabu pumzi. Nenda hospitali, na useme ulikunywa nini na kiasi gani. Wauguzi hawakushangai, wanahitaji kujua.

Sasa kutoa loki, yaani kunywa tena asubuhi ili kuondoa uchovu wa pombe ya jana. Bia ya asubuhi hutuliza kweli, ndiyo maana inadanganya: umerudisha kile ambacho ubongo ulikuwa unakidai, na deni limehamia mchana. Ikiendelea hivyo, mtu anaweza kufika pa kunywa ili mikono isitetemeke. Akifika hapo, asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Kutetemeka na hofu huanza saa 6 hadi 12 baada ya kinywaji cha mwisho, degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili, na kuweweseka, kuona watu wasiokuwepo, kwenye siku ya pili au ya tatu. Hali hiyo huua. Hospitali wana dawa za kumshusha taratibu, pamoja na vitamini B1.

Kahawa ya asubuhi baada ya pombe, iache mpaka mchana. Gongo usiguse hata ukiambiwa ni ya mtu unayemwamini. Chaji simu. Na mmoja mezani ajue kwamba hofu hukushika, asije akakumwagia maji ya baridi au kukuongezea glasi akidhani anakusaidia.