Kumwandalia mjane wa Keya faili la msaada

Kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyekuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Mwingereza huku Afrika Mashariki, au bibi aliyeachwa na mzee wa Keya, msikae mkingoja mtu wa Legioni, chama cha wastaafu wa jeshi, apande mlimani kumtafuta. Mwandalieni faili. Hapa Moshi nimeshaandaa manne, la kwanza likiwa la mama mkubwa wangu wa Kibosho.

Royal Commonwealth Ex-Services League ilianzishwa 1921, na inawasaidia waliotumikia majeshi ya Mwingereza kabla ya uhuru, pamoja na wajane wao. Haigawi msaada moja kwa moja kutoka London, hupitia vyama vya wastaafu vya kila nchi, kwetu ni hiyo Legioni. Kwa hiyo aliyeanzia JWTZ, lililoundwa 1964, hata kama alipigana Kagera, huu siyo mlango wake.

Kazi kubwa ni kupata namba ya jeshi. Bila namba, jina peke yake halitoshi, kwa sababu makarani waliandika majina yetu walivyoyasikia. Baba mkubwa alikuwa Kimaro, cheti chake kinasema Kimario. Msisahihishe chochote. Andikeni majina yote mawili, kisha mkale kiapo mahakamani kwamba ni mtu mmoja.

Cheti cha kuachishwa jeshi kikipotea, tafuteni nishani. Mama mkubwa alikuwa nayo kwenye kopo la Blue Band chini ya kitanda, imefungwa kwenye kipande cha khanga. Utepe wa njano, pembeni mweusi, katikati mistari miwili myembamba ya kijani: ni ya waliopelekwa Kenya wakati wa Mau Mau. Niliigeuza upande wa mbele, upande wa nyuma, sikuona namba. Tukatoka barazani, nikafuta ukingo wake kwa pindo la kitenge, nikaizungusha taratibu juani. Namba ikatokea, kisha jina. Nilipomsomea, akanyamaza kidogo, akasema, "Hiyo namba alikuwa anaitaja hata usingizini, mwanangu." Nyota za Vita vya Pili, hata ile ya Burma, Mwingereza alizitoa bila jina, kwa hiyo msikate tamaa mkikuta ukingo mtupu. Zipigeni picha hivyo hivyo.

Kwa mjane kunahitajika cheti cha ndoa na cha kifo. Waliofunga ndoa kanisani, nendeni parokiani au usharikani mkaombe kitabu cha zamani kifunguliwe. Mwende asubuhi, na mwaka wa ndoa mkiwa nao. Barua ya mtendaji wa kijiji na kitambulisho cha NIDA havisumbui sana.

Nishani yenyewe msimpe mtu. Bibi mmoja alimpa kijana aliyesema anaipeleka "kuhakikiwa", hakurudi mpaka leo, na yule bibi bado huniulizia kila nikipita kwake. Pelekeni picha na nakala tu. Anayedai hela ya fomu, muondokeeni.

Mkienda kumhoji bibi, shikamoo kwanza, chai kwanza, karatasi baadaye. Muulizeni anakula mara ngapi kwa siku na mwandike jibu lake lilivyo, hata kama watoto wake wataona aibu. Mimi nilitaka kulipamba la mama mkubwa, akanikataza.

Mwisho wekeni namba ya simu ya mtu anayelala nyumba moja naye, siyo ya mtoto aliyeko Dar.